Mbuni Uzaao Peke Yake na Mbuni Utakao Jirani

Sisi wa Sindeni hatulimi kahawa. Nchi ya Uzigua ni nchi ya mahindi na mihogo na jua kali, na mtu atakaye kuuona mbuni ukistawi hana budi avuke mto Pangani pale Korogwe, apande milima ya Usambara hata afike penye ukungu. (Tukisema mbuni, twasema mti, yule ndege mwenye mbio hana neno nasi leo.) Hata hivyo habari za mti huu zatupasa, maana ndani yake mna jambo ambalo kila mwenye bustani nyuma ya nyumba yake amelionja, hata kama hajui jina lake: kwa nini ua moja hugeuka tunda, na ua jingine huanguka chini likawa takataka.

Wazee walijua sehemu ya jambo hili tangu zamani. Walijua kwamba mpapai dume hauleti papai la kuuza, lakini mwenye kukata mipapai dume yote ya kitongoji hujidhuru mwenyewe. Na Waarabu wa Oman, ambao wengi wao walikuja kukaa Unguja na Mrima, wamekuwa kwa karne nyingi wakipanda juu ya mtende jike na kuyatia kwa mkono maua ya mtende dume, wala hawangojei upepo ufanye kazi hiyo. Lakini kujua kwamba mtende una dume na jike ni jambo moja. Kujua kwamba karibu kila ua lina uume na uke wake ni jambo jingine. Hilo lilithibitishwa mwaka 1694 na Mdachi mmoja, Rudolf Jakob Camerarius, mwangalizi wa bustani ya chuo cha Tübingen. Alikata maua ya kiume ya mbarika, akaondoa nyuzi za mahindi machanga, akangoja mbegu, wala hakuzipata. Twapenda kulikumbuka jambo hili, kwa sababu mbarika na mhindi ni mimea ambayo mtoto wa kwetu huipita kila siku akienda kuteka maji. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1793, Mdachi mwingine, Christian Konrad Sprengel, alitoa kitabu cha kuonyesha jinsi wadudu wanavyochukua unga wa maua, yaani chavua, kutoka ua hata ua. Wenzake hawakumjali sana.

Sasa tuutazame mbuni. Ua lake ni jeupe, na harufu yake ni kama ya asmini. Mti hukaa kimya wakati wa kiangazi, vichipukizi vya maua vikiwa vimefungwa. Mvua ikinyesha, baada ya siku chache maua yote hufunguka kwa pamoja, shamba zima likawa jeupe asubuhi moja. Siku mbili au tatu yamekwisha. Yaliyopata chavua huacha kijitunda kibichi, ambacho kitakaa mtini miezi saba, minane, tisa, na penginepo zaidi, kabla ya kuwa chekundu. Ndani ya tunda mna mbegu mbili zilizolaliana kwa upande wa bapa, nazo ndizo buni. Mbegu moja ikikosa kukua, ile ya pili huwa ya mviringo peke yake ndani ya tunda.

Mpaka hapa mibuni yote ni ndugu. Lakini jinsi ya kupata chavua imeigawanya katika mataifa mawili, na mgawanyo huo umefanya mambo makubwa duniani kuliko watu wanavyodhani.

Mbuni wa kwanza ni ule uitwao arabika, ambao asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia. Huu huzaa peke yake. Chavua yake huangukia uke wa ua lilo hilo, na mara nyingine kazi imekwisha hata kabla ua halijafunguka sawasawa. Mbuni wa pili ni robusta, ambao tangu kale ulikuwako katika nchi za maziwa makuu, na kwetu Tanzania hasa Bukoba. Huu hauzai peke yake kamwe. Chavua ya mti ikiangukia ua la mti uleule, hutoa kijimrija kidogo, kisha mrija husimama njiani, na ua huanguka. Sharti chavua itoke kwa mti mwingine, tena mti usio wa tawi lilelile. Yaani mkulima akikata vipandikizi vyake vyote katika mti mmoja mzuri na kujaza bustani, amepanda mti mmoja wenye miili mingi, nao utachanua vizuri na kuzaa vibaya. Hii ndiyo desturi ya jamaa nzima ya mibuni. Katika aina zaidi ya mia moja zinazojulikana, zinazoweza kuzaa peke yake ni chache mno, na arabika ni mojawapo.

Hata huyo arabika ni mtoto wa majirani wawili. Wataalamu waliochunguza mbegu zake wametambua kwamba mama na baba yake ni robusta na mbuni mwingine mwembamba wa misitu ya maziwa makuu, ambao wameuita eugenioides. Chavua ya mmoja ilifika kwa mwenzake mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Kwa upepo au kwa mguu wa mdudu, hakuna aliyekuwapo wa kusimulia. Lakini mtoto akazaliwa akiwa na tabia ambayo wazazi wake hawakuwa nayo, ya kutohitaji mtu.

Tabia hiyo ndiyo iliyomwezesha kusafiri. Toka Ethiopia ulivushwa mpaka Yemen, na bandari ya Mokha ikauza buni kwa dunia. Waholanzi wakaupeleka Java. Mwaka 1706 mche mmoja wa Java ukaletwa bustani ya Amsterdam, nao ukazaa. Mwaka 1714 mji ule ulimpelekea Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa mmoja wa miche yake. Afisa mmoja Mfaransa, Gabriel de Clieu, akavuka bahari na mche wa ukoo huo mpaka kisiwa cha Martinique karibu na mwaka 1723, naye mwenyewe alisimulia kwamba maji yalipopungua merikebuni aliugawia mche sehemu ya maji yake. Tafakarini, ndugu wasomaji: kama angalichukua mche mmoja wa robusta, angalikaa Martinique mpaka uzee wake akitazama maua meupe yakianguka. Kwa kuwa ulikuwa arabika, mti mmoja ulitosha. Mashamba mengi ya Amerika, na taabu zote za watumwa waliolimishwa humo, yametoka katika miche ambayo mtu angeweza kuihesabu kwa vidole.

Tawi jingine la safari hiyo lilifika kwetu. Wafaransa walikuwa wamepanda mbuni wa Yemen katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo chaitwa Réunion, na mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka kisiwani humo waliuleta Bagamoyo, walipofungua misheni mwaka 1868. Kutoka pwani ukapanda nao mpaka Kilema, katika Kilimanjaro, miaka ya 1890.

Na katika miaka hiyohiyo Wadachi walikuwa wameitazama Usambara, wakaiona milima yenye mvua na msitu mzito, wakadhani wamepata Java yao. Mwaka 1891 kampuni yao ilianza shamba la Derema; Nguelo na Bulwa zikafuata. Msitu ulifyekwa, mibuni ikapandwa kwa mamilioni. Wafanyakazi hawakutosha, hata mwaka 1892 wakaletwa Wachina na Wajava kwa merikebu. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilikusudiwa hasa kuyafikia mashamba hayo. Ilipofika Korogwe mwaka 1902, kahawa yenyewe ilikuwa imekwisha kuchoka. Udongo ule, uliokuwa ukilisha msitu mkubwa namna ile, ulikuwa mwembamba. Virutubisho vyake vilikuwa katika miti yenyewe na majani yaliyooza, na msitu ulipoondoka navyo viliondoka kwa mvua. Wadudu wa kutoboa mashina wakaingia. Brazil nayo ilijaza soko la dunia, bei ikaanguka. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilifungua chuo cha uchunguzi wa kilimo huko Amani, karibu na mashamba yaleyale, kikiwa na wataalamu hodari na bustani kubwa ya miti ya kigeni. Lakini twaweza kusema kwamba daktari alifika mgonjwa amekwisha kufungwa sanda. Leo milima ile ni ya chai na iliki na mdalasini.

Hatusemi kwamba Derema ilianguka kwa kukosa nyuki. Arabika hauhitaji nyuki ili uzae, na mashahidi wa wakati ule wanataja udongo, wadudu na bei. Twataka tu msomaji aone namna ya kulima: mti mmoja, wa ukoo mmoja, mlima mzima, wala hakuna kilichobaki kando yake.

Bonde la chini lilipata mmea mwingine. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga hai ilikuwa 62. Kwa hiyo 62 ikaanza kazi yote ya mkonge, na baba zetu wengi walivuka mto kwenda kuukata. Mkonge ni mpweke kuliko hata arabika: hutoa mlingoti mmoja wa maua maishani mwake, na juu ya mlingoti huota watoto wadogo wa kupandwa, kisha mama hufa.

Huko Kilimanjaro mbuni ulikuwa na maisha mengine. Wachaga hawakuupanda kwa maekari mbali na nyumba. Waliuingiza kihambani, chini ya migomba, penye miti ya kivuli, mifereji, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa. Miche michache mlangoni pa mtu, ikaongezeka. Neno hili halikuwapendeza walowezi. Katika miaka ya 1920 walidai serikali iwakataze Waafrika kulima arabika, wakisema kwamba mibuni yao itaeneza magonjwa na buni za walowezi zitaibwa. Na sababu ambayo hawakuitaja kwa sauti kubwa ni kwamba mtu mwenye mibuni yake hapendi kwenda kuchuma ya mwenzake. Katika Kenya katazo hilo lilisimama mpaka miaka ya 1930. Kilimanjaro halikufaulu. Mwaka 1925 wakulima walifanya chama chao, na Joseph Merinyo akawa mmoja wa viongozi wake. Kikafuatwa na chama cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Kwa hiyo vita ya mbuni kwetu haikuwa juu ya bei peke yake. Ilikuwa kwanza juu ya neno dogo kabisa, la kama mtu ana ruhusa ya kupanda kichaka cha matunda nyuma ya nyumba yake.

Bukoba walikuwa wamekwisha kulijua shauri hilo muda mrefu kabla ya Mzungu kufika. Wahaya hawakuinywa kahawa, waliitafuna. Matunda yalichemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, yakakaushwa, na mgeni akaribishwapo hupewa ya kutafuna. Watu wawili waliotaka kufanya undugu wa kuchanjiana waligawana buni mbili za tunda moja, kila mmoja akala ile iliyopakwa damu ya mwenzake. Mti wenyewe ulikuwa chini ya amri ya Wakama; mtu wa kawaida hakuupanda kama apendavyo. Basi ni ajabu ya kupendeza kwamba mti huo wa undugu ndio uleule usioweza kuzaa bila mwenziwe. Hatudhani kwamba wazee wa Kihaya walikuwa wamechungulia mrija wa chavua. Lakini walipanda kibanjani, chini ya migomba, miche ya asili mbalimbali ikikaribiana, na kwa namna hiyo kila mti ulikuwa na jirani wa kuupa chavua, upepo na wadudu wakiwa matarishi.

Sasa turudi kwa yule mpweke, maana upweke ulikuwa na gharama. Mti uzaao peke yake huzaa watoto wanaofanana na mama, na jamaa iliyotoka katika miche michache hufanana zaidi. Ugonjwa ukimweza mmoja, huwaweza wote. Kutu ya majani ilipoonekana Ceylon mwaka 1869, ilikula mashamba hata kisiwa kile kikaacha kahawa kikashika chai. Na mwaka 1922 ulitambuliwa magharibi mwa Kenya ugonjwa wa chulebuni, ambao huyageuza matunda mabichi kuwa meusi na makavu juu ya mti. Tangu hapo umeenea katika nchi nyingi za Afrika zilimazo arabika.

Dawa ilitoka kwa jirani aliyesahauliwa. Katika kisiwa cha Timor, miaka ya 1920, ilionekana mibuni iliyokuwa mtoto wa arabika na robusta. Chavua ya robusta ilikuwa imeingia katika shamba la arabika, bila mtu kuituma, na mtoto wake hakuugua kutu. Wataalamu wakamchukua wakamchanganya na koo nyingine. Kenya walitoa mwaka 1985 mbuni uitwao Ruiru 11, unaostahimili kutu na chulebuni. Na mbegu yake hutengenezwa kwa mkono. Mfanyakazi hulifungua ua la mti wa mama kabla halijafunguka lenyewe, huondoa sehemu za kiume kwa koleo ndogo, hulifunika ili chavua ya mgeni isiingie, kisha hulipaka chavua ya baba aliyechaguliwa. Ua moja, halafu jingine, asubuhi kucha. Kwetu Lyamungo, penye kituo cha uchunguzi tangu mwaka 1934, hufanyiwa kahawa kazi ya namna hiyo, na miche mizuri iliyopatikana huongezwa kwa vipandikizi. Ni kazi ileile ya Mwoman juu ya mtende wake.

Na nyuki je? Kwa muda mrefu vitabu vya kilimo vilisema kwamba kwa arabika nyuki ni mgeni tu, huja kula akaenda zake. Habari iliyowabadilisha watu mawazo ilipita njia ya mbali. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki katika Afrika Kusini na Tanganyika, akitaka nyuki wa kuvumilia joto. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa huko, yakaenea Amerika mwaka hata mwaka. Watu waliwaogopa kwa ukali wao, na magazeti yakawaita wauaji. Sisi tuliozoea kukimbia mzinga wa kwetu hatukushangaa. Katika miaka ya 1980 walifika Panama. Huko mtaalamu David Roubik alipima mibuni iliyotembelewa na nyuki na matawi yaliyofunikwa, na mwaka 2002 akatangaza kwamba palipokuwa na nyuki mavuno ya arabika yalizidi kwa nusu nzima. Mti wa Afrika ulikuwa umevuka bahari peke yake katika karne ya 18, ukazaa kwa kadiri yake. Nyuki wa Afrika walipoufuata, karibu miaka 250 baadaye, ulizaa zaidi.

Kilimanjaro nako wachunguzi walifunika matawi na mibuni kwa nyavu, wakatoa habari zao mwaka 2014. Matunda yaliyotembelewa na nyuki yalikuwa mazito kuliko mengine kwa sehemu 7 katika 100. Na pale ndege na popo waliporuhusiwa kula wadudu, matunda yaliyoshika yaliongezeka kwa sehemu 9 katika 100. Si hesabu kubwa kama ya Panama. Lakini mwenye mibuni mia mbili na ahesabu mwenyewe kilo zake, akikumbuka ya kuwa mtumishi huyu hakumwomba mshahara, tena ampa na asali. Tena akumbuke kwamba dawa ya wadudu ikinyunyizwa asubuhi maua yakiwa wazi, humwua mtumishi pamoja na mwizi.

Tumesema kwamba sisi wa Sindeni hatulimi kahawa, na ni kweli. Lakini nyuki tunao, na mizinga ya magogo imetundikwa katika nchi ya Handeni tangu siku za mababu. Na mibuni isiyolimwa haiko mbali nasi. Katika misitu ya nchi za chini, kutoka pwani ya Kenya mpaka kwetu na Unguja, mna vichaka vya jamaa ya mbuni ambavyo hakuna afanyaye biashara navyo. Mmoja wao, ambao wataalamu wameuita kwa jina refu pseudozanguebariae, una buni zisizo na ile nguvu ya kumkesheza mnywaji. Huenda siku moja wakapatikana wa kuutaka kwa sababu hiyo. Majani yake hayana fahari, na mfyeka shamba huweza kuukata bila kusimama.

Huo nao ni wa taifa la pili, la watakao jirani. Maua yake hufunguka kwa pamoja baada ya mvua, huwa wazi muda mfupi tu, na katika muda huo nyuki sharti awe amekwisha kupita kwa mwenziwe. Msitu ukipunguzwa mpaka kichaka kimoja kikabaki ukingoni mwa shamba la mahindi, kichaka hicho hakitakufa. Kitachanua kila mwaka, cheupe chote, na kila mwaka maua yatapukutika, na chini ya matawi hapatakuwa na tunda hata moja.